Uzoefu wangu wa kutafuta uvujaji wa gesi ya AC kwenye Noah, Arusha

Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye Toyota Noah ya AC mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa magari haya yana sehemu ya kuvujia gesi ambayo mafundi wengi hawaiangalii. Gari langu hupita barabara ya Moshi na Arusha mara kwa mara, na siku za jua kali la Bomang'ombe nilikuwa nafungua vioo na kula vumbi kama abiria wa Hiace, ilhali AC ninayo. Gereji nilizozizoea Moshi zilikuwa na dawa moja tu, nayo ni kujaza gesi. Nalipa, baridi inarudi, kisha baada ya muda kompresa, ile inayosukuma gesi kwenye mfumo, inagoma, kwa sababu gesi inapopungua mno swichi ya presha huikatia umeme ili isijiue.

Gereji niliyoelekezwa Arusha, maeneo ya Unga Limited, ilinikatalia kujaza. Fundi aliniambia, "Mama, gesi ya AC haiishi kama mafuta. Ikipungua, ujue inatoka mahali." Akanieleza kwamba angetoza gharama ya kutafuta tundu peke yake na gharama ya matengenezo peke yake, ili nikiona bei ya matengenezo hainifai niondoke. Utaratibu huo nimeupenda, kwani kwingine kote kutafuta huwa ni bure na hakufanyiki.

Alianza mbele. Ndani ya mfumo gesi hutembea pamoja na oili ya kompresa, kwa hiyo inapotoka huacha unyevunyevu wa oili unaonasa vumbi. Kondensa yangu, yaani ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, ilikuwa na doa la namna hiyo, na sina shaka fundi mwenye haraka angeniuzia kondensa nyingine papo hapo. Huyu aliifuta, akajaza naitrojeni kwenye mfumo hadi geji ikasoma psi 150, akafunga na kuketi. Naitrojeni ni kavu na haina madhara kwa mfumo; hewa ya kawaida ya kompresa ya matairi huingiza maji, na maji yakichanganyika na gesi na oili huzaa asidi inayokula vyuma. Mshale ulishuka polepole. Povu la sabuni kwenye kondensa, kwenye maungio na kwenye vinywa vya kujazia halikuonyesha kitu.

Ndipo gari lilipopandishwa juu. Bomba za AC ya nyuma hupita chini ya sakafu, zikiwa zimeshikwa na vibanio vya chuma, na humo matope ya masika hujishindilia na kukaa mwaka mzima. Alichokonoa kibanio cha pili kwa bisibisi, likadondoka bonge la udongo mkavu, na chini yake alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe wenye vishimo. Alipopaka povu, viputo vilianza kutoka kimoja kimoja, vidogo kuliko punje ya ulezi. Chuma na alumini vikigusana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na kwa barabara zetu sishangai.

Kipande kibovu kilikatwa na mahali pake pakawekwa mpira maalumu wa AC uliobanwa ncha kwa mashine. Oringi zote za upande huo, yaani vipete vya mpira vinavyoziba maungio, zilibadilishwa na kupakwa oili kabla ya kufungwa, na draya, kile kichupa cha kunyonya unyevu ndani ya mfumo, ikawekwa mpya, kwa kuwa mfumo ukishafunguliwa draya ya zamani huwa imekwisha kunywa unyevu. Naitrojeni ilirudishwa tena, na safari hii mshale haukutikisika. Baada ya hapo pampu ilinyonya hewa yote. Hapa niliingiwa na wasiwasi, kwa sababu mshale wa geji ya utupu, inayosoma kwa inchi za zebaki, uligota karibu na inchi 25, nami nilikuwa nimesoma kwamba unapaswa kukaribia 30. Fundi alinieleza kwamba hiyo 30 ni ya Dar es Salaam. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na geji haiwezi kusoma zaidi ya hapo hata pampu ikiwa mpya. Gesi ya R-134a ilipimwa kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika ya boneti, si kwa kukisia kwa kugusa bomba kama ubaridi umefika.

Baridi sasa ni ya uhakika hadi viti vya nyuma. Nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu gesi iliyokuwa imebaki waliiachia hewani badala ya kuinyonya kwenye mtungi, na R-134a hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kwa gereji yenye vifaa vyote vile, hilo halina udhuru. Risiti ya EFD nilipewa, ila imeandikwa "matengenezo ya AC" basi. Aina ya oili na uzito wa gesi iliyojazwa nimeviandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito kando ya stika, ili fundi atakayefuata avikute.