Uzoefu wangu: miezi minne ya vipodozi vya uso vya bei ndogo, na shavu langu la kushoto

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Nakaa pale tangu saa moja asubuhi mpaka karibu na magharibi, na kila anayekuja kutoa pesa hunitazama usoni ninapomhesabia noti. Nimeshauriwa sana. "Wakala, zipake limau hizo chunusi." "Dada, mwenzangu alipaka dawa ya mswaki, zikakauka usiku mmoja." Wote walinitakia heri, na karibu yote waliyoniambia niliyafanya. Limau liliniunguza. Dawa ya mswaki ilikausha chunusi moja pamoja na ngozi yote iliyoizunguka.

Nina miaka 27, ngozi yangu ni ya mafuta, na chunusi ninazo tangu kidato cha pili. Kila moja ikipona huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Ukiniuliza, madoa ndiyo yaliyoniumiza zaidi. Chunusi huja na kuondoka, lakini doa unaamka nalo kila siku.

Kabla sijafika kwenye vitu vilivyonisaidia, niseme la kopo.

Mwaka juzi nilinunua kopo jeupe lisilo na karatasi yoyote juu yake. Muuzaji alisema anachanganya mwenyewe, akaniuzia shilingi 10,000. Siku ya nne chunusi zilinywea. Siku ya kumi uso ulikuwa laini, umetakata, wateja wananisifia. Nilifurahi mno. Kopo likaisha, nikakaa wiki moja bila kupaka, uso ukafumuka: vipele vyekundu, kuwashwa usiku kucha, ngozi inachoma hata nikinawa maji matupu. Nikanunua kopo la pili, uso ukatulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Kitu gani hiki ambacho nikikiacha tu naugua?

Nililipeleka kopo kwa mama mmoja mfamasia, mtu mzima. Hakulinusa wala kulishika sana. "Mwanangu, huu ni mkorogo. Kwa hivyo unavyonieleza, kuna steroidi humu." Akanifafanulia kwamba steroidi hutuliza uvimbe na kubana mishipa midogo ya damu, ndiyo maana uso unaonekana umetakata haraka. Ukiendelea nayo ngozi inakuwa nyembamba, na ukiiacha ghafla yale yote uliyoyazima yanarudi kwa nguvu. Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, mingine zebaki, na zebaki inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku nchini kwetu, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini kopo lisilo na jina la aliyelitengeneza, halina orodha ya viambato, halina tarehe ya kuisha, nani atalikagua? Nilikaa zaidi ya miezi miwili natumia maji na mafuta ya mgando tu mpaka ngozi ikatulia. Binti yeyote anayesoma hapa huku anadunduliza elfu kumi yake akanunue kopo la namna ile, namwomba asubiri kidogo, amalize kusoma.

Januari nilianza upya. Nilijiwekea kiwango: mwezi wa kwanza nisizidishe 50,000 kwa vyote, na kila kitu kiwe na karatasi ninayoweza kuisoma. Tena nikajiwekea sharti la kuongeza kitu kimoja kimoja, kwa kupishanisha wiki mbili. Zamani nilikuwa naanza vitu vinne siku moja, uso ukiharibika sijui nimlaumu nani. Kila Jumapili asubuhi nilijipiga picha tatu dirishani pale pale, mbele, kulia na kushoto. Hizo picha ndizo zilizokuja kunifumbua macho, nitazieleza.

Kitu cha kwanza kilikuwa sabuni ya maji ya kunawia uso, isiyo na manukato, 12,000. Miaka yote nilikuwa nanawa kwa sabuni ya kipande ya kuogea, nikisikia uso "unakwatuka" nafurahi, najua umetakata. Kumbe ngozi ya uso kwa asili ina asidi kidogo, na sabuni ya kipande iko upande wa pili kabisa, upande wa magadi. Ule mkwatuko ni ngozi iliyovuliwa mafuta yake, na yangu ilikuwa inang'aa tena kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya wiki mbili na sabuni hii mng'ao ulikuwa unakuja adhuhuri. Chunusi hazikupungua kwa hilo peke yake. Chupa imekwenda miezi miwili na nusu kwa matone machache asubuhi na usiku.

Kitu cha pili ni jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia 5, tyubu ya 9,000 kutoka famasi. Kwa chunusi, hiki ndicho kilichofanya kazi. Inaua bakteria wanaokaa ndani ya vitundu vya ngozi, na bakteria hao hawaizoei kama wanavyozoea dawa za antibiotiki. Kuna ya asilimia 2.5 na ya 10 pia, na yule mama aliniambia nisikimbilie ya 10, maana kinachoongezeka zaidi ni kubabuka. Akanipa njia ambayo nadhani ndiyo iliyoniokoa: paka jeli nyembamba usiku eneo lote lenye chunusi, hesabu dakika kumi, nawa. Siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili za mwanzo. Baadaye nikawa nailaza usiku kucha. Wiki ya kwanza pembe za pua zilibabuka na midomo ikakauka, nikawa napaka mafuta ya mgando pale pale kabla ya kupaka jeli ili isifike. Wiki ya tano chunusi mpya zilikuwa mbili tu. Nilikuwa nimezoea kumi na zaidi.

Jambo moja mjue. Jeli hii inafuta rangi ya nguo. Kanga yangu ya manjano niliyokuwa natandika juu ya mto imetoka mabaka meupe, mengine yana umbo la shavu kabisa. Tumia kitambaa cheupe.

Nikaongeza gliserini na maji ya waridi, 5,000 kwa vyote viwili. Hapa kwetu pwani hii ni ya tangu na tangu, mama zetu walijua. Mimi huchanganya kifuniko kimoja cha gliserini na vitatu vya maji ya waridi, napaka uso ukiwa bado na unyevu. Usiku ni nzuri sana, asubuhi naamka na ngozi iliyojaa. Mchana hapana. Kwa joto la kaskazi hapa Tanga inanata, na vumbi la bodaboda lote linahamia kwako.

Liwa pia, ule mti wenye harufu nzuri, niliirudia, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa hesabu. Bibi yangu alikuwa na jiwe lake, anasugua kipande cha liwa kwa maji ya waridi mpaka kinatoka kitu kama uji mwepesi, anatupaka mashavuni wakati wa joto. Ile baridi yake siwezi kuieleza. Kwa chunusi sikuona tofauti, lakini siku ambazo jeli ilinichoma, liwa ilinituliza. Tafuta kipande chenyewe usugue, kwa sababu unga wa paketi nilioununua ulikuwa unanukia manukato kuliko mti.

Seramu ya niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, asilimia 10, nilinunua kwa 15,000 kwa kuwa kila mtu anaisema. Ilipunguza mng'ao kidogo. Nikipaka kitu kingine juu yake kabla haijakauka, vinatoka vijinyuzi kama takataka za kifutio. Imeisha, sijanunua nyingine na uso haujaniuliza.

Sasa shavu la kushoto.

Wiki ya sita nilipanga picha zangu za Jumapili kwenye simu moja baada ya nyingine. Shavu la kulia madoa yalikuwa yanafifia, yanaonekana wazi. La kushoto yalikuwa vile vile, mengine meusi zaidi. Dawa ni moja, uso ni mmoja. Nikadhani ni kwa sababu nalalia kushoto, nikajilazimisha kulalia kulia wiki nzima. Hakuna kilichobadilika. Halafu asubuhi moja, kama saa mbili hivi, nilikuwa naandika namba ya mteja nikaona mkono wangu wa kushoto unawaka jua na wa kulia uko kivulini. Kibanda changu kinatazama kusini. Mashariki iko kushoto kwangu. Kile kibati cha juu kinanikinga jua likiwa utosini, lakini la asubuhi linaingia pembeni, chini chini, linanipiga shavu lile lile tangu saa moja mpaka karibu saa tano, siku sita kwa wiki, mwaka wa tatu sasa.

Nilirudi kwa yule mama na simu yangu. Aliangalia picha, akaniuliza, "Cha jua unapaka nini?" Nikamjibu sipaki, mimi mweusi. Hakunicheka. Alinieleza kwamba weusi wetu unatukinga kweli dhidi ya kuungua, lakini chunusi inapovimba seli zinazotengeneza rangi zinazidisha kazi, na jua linazichochea ziendelee. Ngozi nyeusi ndiyo inayoshika doa kwa muda mrefu. Nilikuwa nafuta usiku kwa dawa, asubuhi jua linaandika upya.

Nilisoma darasa moja na rafiki mwenye ualbino. Alikuwa akipata Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwao ni kinga ya saratani, na ni haki yao waipate kabla ya mtu mwingine yeyote. Miaka yote nilimwona akipaka na haikunijia kwamba ngozi yangu nayo ina neno na jua.

Losheni za jua zilinisumbua kuliko vyote. Ya kwanza, 14,000, iliniacha na rangi ya majivu, mteja mmoja akaniuliza kama naumwa. Losheni zenye zinki au titani nyingi huwa hivyo kwenye ngozi yetu, isipokuwa zile zilizotiwa rangi ya udongo, ambazo kwa madoa ni nzuri zaidi kwani zinazuia hata mwanga wa kawaida. Sikupata yenye rangi inayonifanana. Ya pili ilikuwa nzito, jasho likiishusha machoni nalia mbele ya watu. Ya tatu ni ya jeli, SPF 50 (SPF ni kipimo cha kinga ya jua), 22,000, inapotea usoni ndani ya dakika moja na haiachi weupe. Hii nimebaki nayo. Msidanganyike na namba kubwa za bei kubwa: SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza, na 50 karibu asilimia 98. Kipimo ndicho kinachotupiga chenga. Unatakiwa kujaza vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Ukipaka kama manukato unapata sehemu ndogo tu ya kile kilichoandikwa.

Kwa sisi tunaoswali kuna la kupanga pia. Napaka baada ya chai ya asubuhi, nikiwa nimeshaswali. Adhuhuri nanawa kwanza kwa ile sabuni ya uso ili maji ya udhu yafike kwenye ngozi, nachukua udhu, naswali, napaka upya. Alasiri sipaki tena, jua limeshahamia nyuma ya kibanda. Kwa mpango huo tyubu ya mililita 50 hainifikishi mwisho wa mwezi, na hilo ndilo gharama halisi ya mambo haya. Chunusi nimezidhibiti kwa 9,000. Jua linataka 22,000 kila mara.

Basi nikaitoa ile kanga ya manjano iliyobabuka rangi, nikaitundika upande wa kushoto wa kibanda kwa misumari miwili. Inashuka mpaka usawa wa bega langu. Wateja wa upande ule wanainama kidogo kunisalimia. Kwa kweli katika yote niliyoyatumia, kanga na losheni pamoja ndivyo vilivyobadilisha shavu hilo. Kufikia Mei, wiki kama kumi tangu nianze kujikinga, madoa sita kati ya tisa niliyokuwa nimeyahesabu kushoto yalikuwa yamefifia mpaka unatakiwa usogee karibu kuyaona. Matatu bado yapo. Moja, karibu na taya, ni la tangu siku za kopo, na sijui kama litaondoka lote.

Kwa anayeanza na pesa kidogo sana: sabuni ya uso, jeli ya famasi, na kivuli. Losheni ya jua ukipata mshahara. Seramu acha. Na kama una mimba, au chunusi zako ni kubwa zenye maumivu chini ya ngozi, nenda kwanza hospitali wakuangalie, usifuate uso wangu.

Tyubu yangu ya jua imeisha juzi. Nimeikata katikati kwa wembe, ndani kulikuwa na ya siku mbili nyingine. Ijumaa nikifunga hesabu nitapita famasi.