Dijei, ungenyamaza kidogo tu: uzoefu wangu na The Last Ship

Naandika haya hasira zikiwa bado juu, na sitaki zipoe kabla sijayasema yote.

Tamthilia yenyewe wengi mmeshaisikia. The Last Ship ilianza kuoneshwa Marekani mwezi Juni 2014 kwenye televisheni ya TNT, na hapa Mombasa haikukawia kuingia kwenye maduka ya filamu. Manowari ya Marekani, USS Nathan James, imekaa Aktiki miezi minne kwa amri ya kutowasiliana na mtu yeyote. Siku inapofungua redio, inakuta dunia imekwisha. Virusi vimefagia watu kwa mabilioni, Rais waliyemwacha madarakani amekufa na Makamu wake pia, na hakuna bandari wanayoweza kutia nanga kwa amani. Kamanda ni Eric Dane, msaidizi wake ni Adam Baldwin, na daktari anayetafuta chanjo ni Rhona Mitra. Mengine mtayatafuta wenyewe, mimi sikuja kwa hayo.

Niliitaka hii tamthilia kwa sababu kaka yangu ni baharia wa meli za mizigo. Katika nyumba yetu tunajua maana ya mtu kwenda baharini na simu yake kutopatikana wiki baada ya wiki. Mama anajua kuliko sisi sote. Nikasema hii tutaiona pamoja. Na kwa kuwa mama hasikii Kizungu, nikachukua ile nakala ya Kiswahili, inayosimuliwa na dijei, yule anayeongea juu ya picha badala ya waigizaji. Jina lake silitaji, wala la duka silitaji, ila wakisoma watajijua.

Haki yake kwanza nimpe. Pale mwanzo, helikopta za Warusi zilipowavamia kwenye barafu, yule kijana alisimulia vizuri sana. Alipiga kelele na risasi, akahema na wanajeshi, mama akasogea ukingoni mwa kiti. Kamanda alimbatiza "Chuma" na daktari akamwita "Bibi Barafu", na majina yakashika hata kwa watoto. Nikajisemea hapa pesa yangu imefika mahali pake. Kama ingekwisha hapo, leo ningekuwa namsifu.

Lakini haikuisha hapo. Kuna mahali katika sehemu hiyo ya kwanza wanakutana na meli ya abiria ya Italia inayoelea tu baharini. Wanahitaji chakula na mafuta, basi kikosi kinavaa mavazi ya kinga na vinyago, kinapanda. Ndani ni maiti tupu. Abiria wa meli ya starehe, walio kwenye viti, walio sakafuni, na wale vijana wanapita katikati yao kwa tochi. Humo ndimo kijana mmoja, Frankie, kinga yake inapoharibika. Anajua papo hapo kwamba akirudi na wenzake atawarudisha na ugonjwa. Wenzake wanamwangalia, naye anawaangalia. Kisha anajitoa uhai mbele yao ili wasalimike.

Mnajua dijei alifanya nini hapo? Alitoa salamu.

Wallahi, salamu. Kijana amesimama na kifo chake, na yule anawasalimu wapenzi wake wa mtaa wa Bombolulu, anamsalimu dereva wa matatu na utingo wake kwa majina, anataja nambari yake ya simu pole pole ili watu waiandike, mara mbili, halafu anarudi na kusema, "Haya, mmoja kashajimaliza, twende mbele!" Mama akanigeukia akaniuliza, "Yupi? Nani kafa? Kwa nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu na mimi nilikuwa sijasikia hata neno moja la wale waigizaji. Alikuwa ameizima sauti yao kabisa.

Na si hapo tu. Kumbe huko nyuma alishatupotosha. Daktari anapochimba barafu na kudai anachunguza ndege, dijei alituambia kwa kujiamini kwamba ni jasusi wa Urusi. Si kweli hata kidogo. Mabaharia waliambiwa wamekwenda Aktiki kujaribu silaha, na yeye peke yake, na mwenzake wa maabara, ndio waliojua kwamba anatafuta chimbuko la virusi hivyo ili atengeneze chanjo. Hiyo siri ndiyo kiini cha sehemu nzima! Kamanda anapomkabili, anamkabili mtu aliyewaficha watu waliomo melini kwamba nyumbani kwao watu wanakufa. Ndugu msomaji, fikiria mwenyewe. Miezi minne unakula naye meza moja, unamlinda kwenye baridi ile, naye anajua na wewe hujui. Sisi tulioangalia kwa Kiswahili tulidhani kamanda amekasirika kwa sababu ya ujasusi. Mama alimchukia yule mwanamke bure.

Nikairudisha dukani. Niliongea kwa adabu, watu walikuwepo. Nikamwambia kijana wa pale, hii nakala imeharibiwa, nibadilishie nipe ya sauti yake yenyewe. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake. Akanijibu, "Wewe si ndiye uliyetaka ya Kiswahili? Ukitaka kusikiza Wazungu nunua ya Wazungu, hela ni nyingine." Nikamwambia mamangu hakuelewa kitu. Akacheka, akamwambia mwenzake, "Mamake hajaelewa." Hapo ndipo hasira zilinipanda hadi nikaona giza. Shilingi hamsini si kitu, nilimwachia na santuri yake juu ya meza nikatoka. Lakini kumcheka mama yangu! Mwanamke aliyekaa barazani usiku akisubiri simu ya mwanawe iliyotoka Djibouti! Huyo ndiye mteja wenu, nyinyi watu. Mwenye Kizungu chake hahitaji dijei. Anayewahitaji ni mama, ni mzee wangu wa jirani, ni dada anayeuza viazi karai, na hao ndio mnaowapa makombo na salamu za matatu.

Binamu yangu alinipa nakala ya asili kwenye flashi. Safari hii tukamwalika na jirani yetu, mzee mmoja aliyestaafu jeshi la wanamaji Mtongwe. Mimi nikakaa karibu na mama, nikawa namwambia yanayosemwa kwa sauti ya chini, na pale wanaponyamaza nikinyamaza.

Jamani, hiyo ni tamthilia nyingine kabisa.

Sikuwa nimejua kwamba ina kimya kingi namna ile. Mzee alitueleza kwamba meli ikiamriwa kunyamaza hunyamaza kwelikweli. Redio haitoi, rada haitoi, simu ya mtu binafsi ni marufuku, kwa sababu kila mawimbi yanayotoka yanamwambia adui mahali ulipo. Kupokea unaweza, lakini hutamki neno. Alisema kijana mgeni melini huona amri hiyo kama adhabu, mpaka azoee. Basi ukiangalia ukiwa unalijua hilo, unaona ni kwa nini nyuso za wale mabaharia zimekuwa vile habari zinapofunguka. Hawana wa kumpigia. Wanazijaribu nambari za nyumbani na haziitiki.

Mzee alipenda namna wanavyoshuka ngazi, mikono miwili kwenye vyuma, na namna mlango wa chuma unavyokazwa nyuma ya mtu. Haikushangaza, maana sehemu za tamthilia hii zilipigwa ndani ya manowari za kweli za jeshi lao, ikiwemo USS Halsey, huko San Diego. Jina la Nathan James ndilo la kubuni. Na ndiye aliyetufungua macho juu ya mafuta. Mimi nilidhani meli kubwa za Marekani zote zinakwenda kwa nyuklia. Akasema la, hizo ni nyambizi na meli za kubeba ndege. Manowari ya aina hii inaendeshwa na mitambo ya gesi inayokunywa mafuta mchana na usiku, na ikikauka inabaki kuelea kama ile ya Italia. Kwa hiyo kila wanapokwenda ni lazima wawaze mafuta, na kila mahali penye mafuta huenda pana ugonjwa. Hadithi nzima imefungwa hapo. Dijei hakuligusa hilo hata mara moja.

Tulipofika kwa Frankie sikufungua mdomo. Mama aliikamata ncha ya leso yake akaishikilia. Alielewa kila kitu bila mimi kusema neno, na ndipo nikajua kwamba yule dijei hakuhitajika hapo hata kidogo, angenyamaza tu na ingetosha. Baadaye kamanda anawaambia watu wake kwamba hawaendi nyumbani, watabaki baharini mpaka chanjo ipatikane, ingawa msaidizi wake alitaka warudi. Mama akauliza, "Na mama zao je? Hakuna aliyewauliza mama zao?" Mzee akamjibu, "Mama Salim, jeshini huulizwi." Wakabishana hapo nusu ya usiku. Mama ashikilia kwamba kamanda ni katili, mzee ashikilia kwamba mwingine angewaua wote kwa huruma. Mimi niko na mzee, ila simwambii mama.

Na tukumbuke tuliangalia haya wakati gani. Tangu Machi 2014 redio ilikuwa ikitusomea Ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone. Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ni dharura ya dunia, na Kenya Airways ikasimamisha safari za Monrovia na Freetown. Ulikuwa unaona vinyago kwenye taarifa ya habari, kisha unaona vinyago kwenye tamthilia, na watu waliokuwa wakifa katika habari ni watu kama sisi. Kitabu walichokitolea hadithi, cha William Brinkley cha mwaka 1988, kilikuwa na vita vya nyuklia. Hawa wa televisheni wameweka ugonjwa. Sijui walikusudia au la, lakini umeangukia wakati wake. Basi mtu akichukua kifo cha namna hiyo akakifanya nafasi ya kutangaza nambari yake ya simu, mimi siwezi kumwita msanii.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika kwamba tamthilia ni nzuri mno na dijei ni balaa. Halafu tukaona sehemu ya pili.

Sehemu ya pili wanakwenda Guantanamo, lile gereza la jeshi la Marekani huko Cuba, kutafuta chakula, mafuta na dawa. Wafungwa wametoka kwenye seli, wamekamata silaha, na ndio maadui wa siku hiyo. Ni hivyo tu. Hakuna hata mmoja anayepewa jina la kukumbukwa au neno la kueleza kwamba amekaa humo miaka bila kushtakiwa. Wana ndevu, wanapiga kelele, wanapigwa risasi. Mabaharia tunaambiwa mmoja mmoja wameacha nani nyumbani. Hawa wengine hawana mama? Mombasa hii ipo familia ambayo mtu wao alikamatwa hapa mjini mwaka 2007 akapelekwa Guantanamo, na mwaka huo wa 2014 alikuwa bado hajarudi. Watu wanaijua nyumba hiyo. Mama yangu anaijua. Aliinuka akaenda kutandika kitanda, hakusema kitu, na mzee naye akaomba maji.

Hapo sasa nilipoteza pumzi. Maana kosa ni lile lile! Dijei alimzima Frankie kwa salamu, na waandishi wa Marekani wamewazima wale wafungwa kwa risasi. Wanajua kukaa kimya kwa ajili ya watu wao, wanajua kutuacha tuwatazame usoni mpaka koo linakauka, kisha kwa wengine hawatupi hata nafasi ya kupumua. Kama hawangejua kazi nisingekasirika. Wanajua. Sehemu ya kwanza imethibitisha wanajua.

Niseme nini basi kwa anayetaka kuiangalia? Sehemu ya kwanza iangalieni, kwa nakala ya asili, na kama mna mtu mzima nyumbani asiyesikia Kizungu kaeni naye bega kwa bega mmwambie wenyewe. Ile ya dijei msiinunue, hata kwa shilingi kumi. Sehemu ya pili sijui. Mzee anasema mtu asiihukumu meli kwa bandari moja, na huenda ni kweli, kwani yule mlinzi waliyemkuta huko, Tex, amenifurahisha na nataka kuona atafika wapi. Jana nilisema siiangalii tena. Leo mama mwenyewe ameniuliza kama wale watoto wamepata mafuta.

Tutaendelea na ya tatu Ijumaa baada ya Isha, kwa sauti yangu mimi. Na wewe dijei, kipaji unacho, kwenye zile helikopta nilikipenda. Rekodi upya hapo kwenye meli ya Italia. Toa salamu zako mwishoni, majina yakienda, hata ukiwasalimu Bombolulu nzima hakuna atakayekukataza. Na yule kijana wa dukani amwombe radhi mama yangu, anajua anapokaa.