TAHADHARI: Yupo jamaa Tanga mjini anauza laptopu za "maofisini Ulaya". Bodi safi, ndani mzoga

Jamani watu wa Tanga, Muheza na Pangani, mwenzenu nimepigwa laki nane na ishirini. Naandika ili asipigwe mwingine, maana jamaa bado yupo na bado anauza. Wale wa "si ungeniuliza mimi kwanza" nawaomba mpumzike. Nimeshaambiwa na mume wangu, na mama mkwe, na hata kijana wa fotokopi ninayemlipa mwenyewe.

Nina steshenari Ngamiani. Barua, CV, kadi za michango ya harusi, fomu za mikopo ya wanafunzi msimu wake ukifika. Mashine yangu ya zamani ilikufa baada ya Idi, nikawa nafanyia kazi laptopu ya mdogo wangu huku natafuta nyingine iliyo imara. Imara ndilo neno lililokuwa kichwani mwangu, na ndilo lililoniponza.

Alikuja dukani mwenyewe. Begi jeusi mgongoni, shati limenyooshwa, Kiswahili cha Dar. Akaprinti karatasi mbili, akalipa bila kuomba punguzo (hapo tu ningeshtuka), kisha akaitazama ile laptopu ya mdogo wangu akatikisa kichwa. "Dada'angu, hiyo mashine inakula muda wa wateja wako." Akafungua begi. HP EliteBook 840, anasema, prosesa (ubongo wa mashine) ya i7 ya kizazi cha 8, ramu GB 8, diski ya SSD ya GB 256, mzigo wa maofisini Ulaya uliopitia Dubai. Laki tisa na nusu, maongezi yapo.

Mimi si mshamba wa laptopu, au ndivyo nilivyojiona. Nikaishika pembe moja kwa mkono mmoja nikainyanyua. Mashine ya plastiki laini ukiishika hivyo inalia kama kitanda cha kamba, hii kimya. Nikakandamiza katikati ya kibodi kwa dole gumba, haikubonyea. Nikafungua kioo nikakiachia nusu njia, kikasimama pale pale. Nikapitisha kucha kwenye maungio yote, hakuna mwanya wala mkwaruzo. Ya baridi mkononi, nzito kidogo kwa namna ile inayokufanya useme moyoni, hiki sasa ni chuma.

Na yote hayo yalikuwa kweli, hapa naomba nieleweke. Bodi haikuwa feki. Mashine za maofisini, iwe EliteBook ya HP, Latitude ya Dell au ThinkPad ya Lenovo, nyingi huundwa kwa aluminiamu, magnesiamu au nyuzi za kaboni, na hupitishwa kwenye majaribio ya MIL-STD-810, kipimo cha jeshi la Marekani: kuangushwa, kutikiswa, joto, vumbi, unyevu. Makampuni hununua kwa mamia, hutumia miaka mitatu minne, halafu huziuza kwa jumla. Ndiyo maana huku kwetu EliteBook iliyotumika inaweza kukutana bei na laptopu mpya ya plastiki, na mimi bado nasema ukipata ya kweli chukua iliyotumika.

Sasa ubaya wake ndio huo huo uzuri. Bodi iliyoundwa kustahimili haioneshi umri. Betri inakufa, prosesa inapitwa, bodi inang'aa tu. Mimi nilipima kwa makini kitu pekee ambacho hakikuwa kimezeeka. Watu husema mbuzi kwenye gunia, lakini huyu mbuzi sikuuziwa kwenye gunia. Nilimwona, nikampapasa mgongo, nikamsifu manyoya. Mnadani mtu humfunua mbuzi mdomo aone meno, mimi meno sikuyaangalia.

Dalili zilikuwepo. Nilipoigeuza, chini kulikuwa na mstatili, urefu kama wa kidole, safi kuliko sehemu nyingine, kingo zake zina gundi iliyokamata vumbi. Nikauliza. "Wazungu hubandua lebo kabla hawajauza, dada, mambo ya usalama." Nikakubali! Kwenye lebo ile ndiko kunakoandikwa modeli kamili na namba ya mashine. Mtu wa usalama anafuta diski, habandui lebo. Halafu chaja. Muda wote aliokaa, chaja ilikuwa ukutani. Nilipotaka kuichomoa akacheka, akasema umeme wa kwetu hautabiriki, tusije tukaizimisha vibaya. Nami nikacheka.

Tukashuka mpaka 820,000. Nilipoingiza namba kwenye simu, kabla ya namba ya siri likatokea jina la mwanamke. Laini ya mke wangu, anasema. Risiti? Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iko Dar, atanitumia picha WhatsApp. Waranti? Wiki mbili, ya mdomo. Watu wa nje hututania kwa ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Huyu kaja leo, kaondoka leo, na pesa yangu.

Siku ya tatu umeme ukakatika saa nne asubuhi, niko katikati ya kadi ya mwaliko. Betri inasoma asilimia 74. Dakika kumi na nane baadaye kioo kikawa cheusi. Nikampigia, akapokea, akasema betri mpya huwa inahitaji "kuzoea", niichaji usiku kucha siku tatu. Nikafanya. Wiki ya pili kitufe cha kushoto cha tachipadi kikawa hakibonyezeki, na mashine ikiwa mezani inabembea kama ngalawa. Nikapiga tena. Haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee Makorora. Nikamwamkia, akaitikia bila kunyanyua macho, akailaza kwenye kioo cha meza yake na kuigusa pembe kwa kidole. Ikacheza.

"Betri imevimba, mwanangu. Uliichaji usiku?"

"Aliniambia niichaji siku tatu mfululizo."

Akanitazama kama anayetaka kuuliza nina watoto wangapi. Betri ya lithiamu ikichakaa hutoa gesi ndani, ikafura na kusukuma tachipadi juu. Ikitobolewa au ikizidiwa joto inaweza kuwaka. Nyumba yangu ina pazia na karatasi kila kona.

Akafungua kava, akaitoa ile betri iliyojaa kama andazi, kisha akaiwasha mashine kwa chaja huku anagonga Esc, halafu F1. Ukurasa wa mashine yenyewe, kabla hata Windows haijaamka, ukasoma: EliteBook 840 G3, prosesa i5-6300U. Hiyo ni ya kizazi cha 6, ya mwaka 2015. Ndani ya Windows ilikuwa inasoma i7-8650U, nilishaiona kwa macho yangu siku ya kununua na nikaipiga picha nimtumie mume wangu. Mzee akasema lile jina linaandikika, mtu huweka kiprogramu kinacholibadilisha kila mashine inapowaka. Stika ya i7 iliyokuwa pembeni ya tachipadi akaibandua kwa ukucha, akaibandika kwenye kikombe chake cha chai. Bado iko pale.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukweli ulikuwa kiooni siku ile ile. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukaenda sehemu ya utendaji (Performance), prosesa inaonesha idadi ya kori, yaani vichwa vinavyogawana kazi ndani yake. i7-8650U ina kori 4. Yangu ilisoma 2. Aliyeghushi jina hakuhangaika na hesabu, alijua mimi pia sitahangaika.

Na tuachane na ushabiki wa "i7" peke yake. i7-6600U, ya kweli kabisa na ya kizazi cha 6, ina kori 2. i5-8250U ya kizazi cha 8 ina 4. Muuzaji akitaja i7 akanyamaza, mwambie amalizie namba. Tena si suala la kasi tu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi, kwa prosesa za Intel, huanzia kizazi cha 8 ukiacha chache za cha 7. Yangu ilikuwa imelazimishiwa Windows 11 kijanjajanja. Kwa hiyo kuuza kizazi cha 6 kama cha 8 si kukosea tarakimu, hizo ni bei mbili mbalimbali.

Mzee akajaribu F10 aingie kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, ikaomba nywila. Ya ofisi ilikotoka, kuna anayejua? Kwenye MacBook, laptopu za Apple, kufungiwa namna hiyo ni hatari zaidi. Za kuanzia 2018 zenye chipu ya usalama ya T2, na zote za chipu ya M1 kuja huku, kama mmiliki wa kwanza hakuiondoa kwenye akaunti yake ya iCloud, siku ukiifuta inageuka sinia la aluminiamu. Zuri sana la kupangia mandazi. Mwambie muuzaji aifute mbele yako na aiwashe upya mpaka mwisho, na akikataa mrudishie begi lake.

Huyo jamaa nasikia MacBook pia anazo, nyembamba zile. Jueni kwamba nyingi za kati ya 2015 na 2019 zina kibodi za mtindo wa "kipepeo", ambazo chembe ya vumbi ikiingia chini ya herufi, herufi inakwama au inajirudia. Apple wenyewe walifungua mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018, miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, kwa hiyo muda huo umeshapita. Kwa vumbi la barabara zetu, mimi sichukui hata kwa laki mbili. Na wembamba wenyewe una gharama: ThinkPad X1 Carbon ni nyepesi na ngumu kweli, ila ramu yake imechomelewa kwenye bodi mama, ukinunua ya 8 utazikwa na 8. T480 ya kizazi cha 8 haina mng'ao, nene kama msahafu, lakini ramu inabadilishika na betri ya nyuma unaichomoa kwa mkono. Nikipata pesa nyingine naenda huko.

Betri mnaipima hivi, dakika mbili tu. Fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti itakayotengenezwa. Kuna uwezo iliyozaliwa nao na uwezo wa sasa ikijaa. Ya kwangu ilizaliwa na mWh elfu arobaini na sita na ushei, sasa inajaza elfu kumi na saba. Hata hivyo kwanza chomoa chaja, uagize chai, ukae naye nusu saa. Ataongea sana nusu saa hiyo. Mwache aongee.

Kwetu pwani ongeza na hili: angalia vichwa vya skrubu na mdomo wa matundu ya USB na chaja. Ukiona unga mweupe au ukijani, mashine imeshanyonya chumvi au maji. Ya kwangu ilikuwa safi, nakiri, hapo jamaa hakudanganya.

RB ya polisi nimechukua. Namba niliyolipia nimeiripoti kwa mtandao wake na kwenye 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Jina lililotokea kwenye simu siliweki hapa, huenda ni mama wa watu asiyejua laini yake inafanya nini. Jamaa mwenyewe ni mrefu wa wastani, kijana wa miaka thelathini hivi, begi jeusi lenye zipu ya mbele iliyofungwa pini. Hana duka, hana meza. Anapenda steshenari, saluni na ofisi ndogo zenye mtu mmoja, anaingia kama mteja. Walimu wawili wa Muheza wameshaniandikia, hadithi ile ile mpaka ya mke mwenye laini.

Na jana usiku dada mmoja wa Pangani kanitumia picha, anauliza mashine aliyoletewa ni nzuri, ameambiwa ni ya kizazi cha 8, muuzaji anasubiri jibu hadi asubuhi. Nikamwambia igeuze, piga picha upande wa chini. Picha ikaja. Mstatili, urefu kama wa kidole, gundi kwenye kingo.