Uzoefu wangu: kupiga kambi kwa gari lenye hema la paa, Ushongo, Pangani

Gari nililolikodi lilikuwa Land Cruiser lenye hema la kukunjua juu ya paa, jiko dogo la gesi, friji inayoendeshwa na betri ya pili na tangi la maji ubavuni. Magari makubwa yenye vitanda na choo ndani sikuyafikiria, kwa sababu njia ya kuingia kijiji cha Ushongo ina vipande vya mchanga laini ambavyo gari zito haliwezi kuvipita hata likipunguzwa upepo wa matairi.

Kutoka Tanga hadi mjini Pangani ni takriban kilomita 50, kisha nilivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, na kutoka hapo hubaki kama kilomita 15 kufika kijijini. Nashauri mtu avuke mchana, akiwa amekwisha kujaza mafuta, gesi na maji ya kunywa ng'ambo ya kaskazini.

Nililala katika eneo la kambi lililo hatua chache kutoka ufukweni, lenye choo na bafu safi, na hapo ndipo nilipotambua faida ya kweli ya kulala katika gari badala ya hoteli. Kijiji cha wavuvi hufuata maji kujaa na kupwa, hakifuati saa za mapokezi na chakula cha asubuhi, na mwenye jiko lake na kitanda chake anaweza kuamka alfajiri, akapika chai, kisha akawahi dikoni ngalawa zinapoingia na samaki kuanza kunadiwa. Changu na kolekole nilizonunua zilipikwa pale pale kambini kwa nazi ya kijijini, na sijakula samaki bora kuliko wale kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo, tarehe ya safari inastahili kupangwa kwa kuutazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya likizo. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pwani hii hukupwa mno mnamo saa nne au saa tano asubuhi, mwamba hubaki wazi, na wanawake hutoka na vijiti vyao kutafuta pweza. Atakaye kuogelea saa hizo hatapata maji. Wakati wa maji mafu, yaani karibu na nusu ya mwezi, mambo hugeuka, kwa kuwa bahari hujaa katikati ya asubuhi na kuoga huwa raha. Mimi nilichagua bamvua la mwezi mwandamo, nami ningelichagua tena, kwani giza la usiku ndilo linalowatoa wavuvi wa dagaa na taa zao, na kutoka katika hema la juu ya paa niliziona zikiwa zimejipanga baharini hadi karibu na alfajiri.

Kisiwa cha Maziwe, kilicho kama kilomita 8 kusini-mashariki mwa mji wa Pangani, nacho hutegemea maji. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, kikapoteza miti yake yote kufikia miaka ya 1980, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari ikijaa. Kasa bado hupanda kutaga pale, na kwa kuwa mayai yangezama, wahifadhi huyahamishia ufukwe wa Ushongo. Ndiyo maana naomba kwa dhati kwamba wenye magari wasiendeshe kabisa juu ya mchanga wa ufukweni, na wazime taa kali usiku, kwa sababu mwanga huwapoteza makinda wanaotafuta bahari.

Kuhusu gari lenyewe, hema lilikuwa imara, halikuvuja, na lilistahimili upepo wa kusi uliovuma usiku kucha. Kasoro ilikuwa umeme. Paneli ya sola ilikuwa imefungwa juu ya paa bila uwezo wa kutolewa, hivyo gari likiwa kivulini friji ilizimika kabla ya usiku wa manane, na likiwa juani hema liligeuka tanuri. Waliotukodisha walipaswa kutueleza jambo hilo, na kutoa paneli ya kusogezwa yenye waya mrefu. Anayekodi na aulizie hilo kabla ya kulipa. Kivuli nacho kiwe cha mvinje, kisiwe cha mnazi, maana nazi ikianguka hupasua kioo, na inaweza kuua mtu.

Nilipofika nilikwenda kwanza kumwamkia mwenyekiti wa kitongoji na kumweleza tulikotoka na siku tutakazokaa, jambo lililotufungulia milango yote, kuanzia kisima hadi kijana wa kutuongoza kwenye njia ya mchanga. Mavazi ya kuogelea tuliyavaa ufukweni tu, na picha za wavuvi zilipigwa kwa ruhusa yao. Kuni tulinunua kwa wenyeji, wala hatukugusa mikoko.

Kwa familia yenye watoto wadogo ningependekeza kipindi cha maji mafu na gari lenye hema la pili la chini, kwa sababu ngazi ya hema la paa ni ngumu kwa mtoto anayeamka usiku.