Tanzia ya Ugiriki au Noh ya Japani: uanzie wapi?

Anayeanza kusoma historia ya tamthilia duniani kwa kawaida hupelekwa kwanza Athens ya karne ya 5 KK, kwa watunzi wa tanzia Aeschylus, Sophocles na Euripides. Kuna sababu nzuri. Antigone, katika tanzia ya Sophocles yenye jina hilo, anapomzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme, msomaji wa popote anauona mgogoro papo hapo. Ila kilichotufikia ni maneno. Muziki umepotea karibu wote, na jinsi korasi, lile kundi la waimbaji jukwaani, ilivyocheza hatuwezi kuiona tena.

Noh, tamthilia ya jadi ya Japani yenye barakoa, muziki na dansi, ni kinyume chake. Kitabuni utakuta mistari michache, mtawa msafiri na mzimu. Ni rahisi kuchoka. Lakini tangu enzi za Zeami, mwigizaji na mtunzi mkuu wa Noh aliyefariki takriban 1443, sanaa hii imerithishwa kutoka kwa mwalimu hadi mwanafunzi, na bado inachezwa. Itazame barakoa: mwigizaji akiinua uso kidogo tu, mwanga unaifanya ichangamke, akiinama, kivuli kinailetea huzuni. Na hajatamka neno!

Mwenye vitabu pekee aanze na Wagiriki. Mwenye video ya Noh, hata moja, ningemshauri aanze nayo, kisha asome Sophocles akijiuliza barakoa za Athens zilionekanaje kwenye jua la mchana.