Picha mbili za Cauchetier: moja nimeirudisha, moja haitoki ukutani

Kwa miaka nimetamani kuwa na picha ya mnato ya Raymond Cauchetier, Mfaransa aliyepiga picha kwenye seti ya À bout de souffle, filamu ya Jean-Luc Godard, mwaka 1959. Mwezi uliopita niliagiza mbili kwa muuzaji wa mtandaoni. Zote zilielezwa kuwa zilisafishwa mwaka 1960.

Ya kwanza, ya waigizaji Jean Seberg na Jean-Paul Belmondo wakiwa Champs-Élysées, barabara ya Paris, ilinitia shaka nilipoishika tu. Imenyooka kama rula, mgongo wake unateleza kama nailoni, na haina muhuri. Karatasi za picha zenye utando wa plastiki zilienea miaka ya 1970, kwa hiyo haiwezi kuwa ya 1960. Nilirudishiwa fedha baada ya siku tisa, bila neno la pole, na tangazo halikurekebishwa. Hilo limeniudhi kweli.

Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Karatasi nzito, pembe zimejikunja kidogo, weusi umeshiba, nyuma kuna muhuri wa wino na mistari ya penseli. Jean-Luc Godard hakutaka wapita njia wajue wanarekodiwa, basi mpiga kamera Raoul Coutard akajikunyata ndani ya mkokoteni wa posta, na lenzi ikichungulia tunduni. Cauchetier akaupiga picha mkokoteni wenyewe, na ndiyo hii!

Hapo ndipo ninapompenda. Mpigapicha wa seti alitakiwa angoje kamera ya sinema inyamaze, kisha awapange waigizaji upya kwa ajili ya matangazo. Huyu alijifunzia upigaji picha Indochina (Vietnam na jirani zake), akiwa na jeshi la anga la Ufaransa na kamera ya Rolleiflex mkononi, akazoea kupiga jambo linapotokea. Tena sauti za filamu hiyo ziliingizwa baadaye studio, hivyo mlio wa kamera yake haukuharibu kitu. Kwa muda mrefu picha hizo zilihesabiwa mali ya watayarishaji. Haki zake alizipata uzeeni, sheria ya Ufaransa ilipobadilika. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 101.

Picha naipa nyota tano, muuzaji mbili. Ukitaka kununua, dai kwanza uonyeshwe mgongo wa picha, kwa mwanga wa kutosha.

Yangu nimeitundika mbali na dirisha. Fundi wa fremu nilimwomba aache uwazi nyuma, ili muhuri usomeke.