Fundi kanvasi wa Bagamoyo alivyoninyima nyoka wangu

Mtoto wangu wa ubatizo anaitwa Imani, anapata kipaimara mwezi huu, nikasema rozari kila mtu ataleta, mimi nimpe jina lake limechorwa kabisa. Kuna picha ya Johannes Vermeer, yule Mholanzi, aliichora kama 1670 hadi 1672, Imani kafanywa mwanamke, gauni jeupe na buluu, mkono kifuani, macho juu, mguu kaukanyagia tufe la dunia. Orijino iko Metropolitan Museum, New York, na tangu 2017 picha zao zisizo na hakimiliki unapakua bure tena kubwa kwelikweli, bando langu ndo linajua. Nikatia kwenye flashi nikaenda kwa fundi anayeprinti picha kwenye kanvasi, kile kitambaa kigumu cha michoro.

Fundi mwenyewe kijana mchangamfu, kaifungua akaniuliza, "Mama, huyu Bibi Mariamu?" Nikamwambia hapana mwanangu, ni imani yenyewe kapewa mwili. Dada mmoja alokuwa anasubiri pasipoti saizi akadakia, "Basi na mdogo wangu Tumaini achorwe!" tukacheka, ila ndo fadhila zenyewe hizo, imani, matumaini na mapendo.

Tulipatana 65,000, sentimita 60 kwa 47 (orijino ni 114 kwa 89), siku mbili. Zikawa tano, haya.

Rangi sina neno. Juu kuna tufe la kioo linaning'inia kwa utepe wa buluu, ule mng'ao wake umetoka vizuri mpaka unataka uliguse. Na lile pazia zito lililovutwa pembeni kama unachungulia sebule ya mtu, maana Delft, mji wa Vermeer, enzi hizo Wakatoliki walisali majumbani kwa kificho, sisi wa misheni ya Bagamoyo ya 1868 na msalaba wetu ufukweni hatujui tabu hiyo.

Sasa kasheshe. Chini sakafuni kuna nyoka kabanwa na jiwe, damu inamtoka mdomoni, na tofaa limeng'atwa limetupwa hapo. Jiwe ndo Kristo, jiwe kuu la pembeni, nyoka ndo yule yule wa Edeni. Fundi kavuta kanvasi kwenye mbao, kapinda kingo pande zote, nyoka kaenda nyuma! Nageuza picha namkuta kakunjwa kwenye kona na pini za stepla mgongoni. Namuuliza ananijibu, "Mama, picha ya dini nyoka wa nini, mi nilijua nakusaidia." Jamani. Ukimtoa nyoka yule mama mkono kifuani macho dari anabaki mtu mwenye kiungulia.

Nisimsingizie lakini, hakubisha, alirudia bure na safari hii akaacha ukingo mweupe wa kupinda, nyoka yupo mzima na damu yake. Ile ya kwanza kaitundika dukani, nasikia wateja wanaiulizia bei.

Kwa hiyo kazi yake nzuri nitarudi, ila ukienda mwambie kabla hajaprinti aongeze ukingo wa sentimita tano kila upande, tena msimame wote kwenye kompyuta muone. Na chukueni fremu nyeusi, ile ya dhahabu ukiishika na jasho inabaki mkononi.